Vyura Niliowasikia Peke Yangu

Mimi ni mtu wa kupanga. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu katika idara ya elimu pale Ibra ilikuwa kupanga ratiba za mitihani: skuli gani, chumba gani, saa ngapi, nani asimamie. Sikuwahi hata mara moja kuwaweka watoto wawili kwenye kiti kimoja. Nalitanguliza hili ili ijulikane kwamba ninayotaka kuyaeleza hayakutokana na uvivu. Mvivu ana udhuru wake. Mimi sina.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyetulea mimi na dada yangu baada ya wazee wetu kufariki. Alituleta Oman kutoka Unguja katikati ya miaka ya sabini, mimi nikiwa na miaka saba, na tukakaa Ibra kwa sababu huko ndiko ulikokuwa ukoo wa babu. Ukoo ulitupokea vizuri, lakini haukujua Kiswahili, na shangazi hakujua Kiarabu ila cha msahafu. Miaka ishirini baadaye Kiarabu chake kilimtosha kununua samaki na kugombana na jirani, basi. Majirani wakituita watu wa Zinjibari, naye akinuna, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa Mwera, shamba, na hakupenda kuchanganywa na watu wa mjini. Ibra nzima hakuna aliyejua tofauti yake, lakini hilo halikumzuia kununa.

Masikio yalianza kumharibikia katikati ya miaka ya tisini. Mwanzo ilikuwa birika: linachemka mpaka linakauka, naye amekaa pembeni yake anachagua mchele. Halafu ikawa simu. Halafu nikamwona anaitazama midomo ya watu wanapozungumza. Nikampeleka hospitali ya Nizwa kwa daktari wa masikio, ambaye alizungumza Kiingereza, na mimi nikawa mkalimani. Daktari alisema mishipa inakufa polepole na hakuna dawa ya kuirejesha. Labda amebakiwa na mwaka mmoja wa kusikia, labda miwili, na kifaa cha kuvaa kitamsaidia mwanzo, kisha hakitamsaidia tena. Nikamgeukia shangazi nikamwambia daktari anasema masikio yamechoka kidogo.

"Maneno yote yale aliyoyasema, ndo yamechoka kidogo?" akaniuliza. "Weye unatafsiri au unapika? Nambie."

Nikamwambia. Tulipofika Izki, njiani kurudi, akasema, huku anatazama mbele: "Usimwambie mtu. Hata dada yako. Watu wakishajua u kiziwi hukupigia makelele kama wanafukuza mbuzi." Nikamuahidi, na ahadi hiyo niliitimiza vizuri kuliko zote nilizompa.

Mwisho wa baridi ya mwaka ule ikanyesha mvua ya siku tatu. Mabonde yote yakateremsha maji, barabara zikafungwa, skuli zikafungwa, na mimi nikapanga upya mitihani ya mwezi. Jumamosi dereva wa ofisi yetu, mtu mzima wa Mudhaibi mwenye mbuzi wengi na maneno machache, akaja kazini na habari. Lile bwawa kubwa lililojengwa na serikali kwenye wadi, bonde la mkondo wa mvua, ukingoni mwa jangwa upande wa kwao, limejaa mpaka juu. Saddi, kama wanavyoliita wao, na sisi nyumbani tukafuata. Limekuwa ziwa, akasema, mtu aliyesimama ng'ambo humjui ni nani. Na vyura huko hawamlazi mtu.

Nikampelekea shangazi habari hii wakati wa chakula cha mchana, kama kichekesho tu. Vyura jangwani! Akaliweka tonge lake sahanini.

"Vyura? Hapa?"

"Ndivyo alivyosema."

"Una hakika hakusema nzige?"

Nikamwambia nina hakika. Akaosha mikono, jambo ambalo hakuwa akilifanya mpaka amalize kula, na akaanza kunieleza. Nyuma ya nyumba yao ya Mwera kulikuwa na bonde la mpunga. Mvua ikinyesha, baada ya Magharibi vyura huanza. "Lakini hawaanzi wote," akasema. "Huanza mmoja. Mmoja tu, peke yake, kama anayesoma maulidi. Kisha wenziwe wote humuitikia. Mama alikuwa akitunyamazisha tumngojee yule wa kwanza. Tukibishana, mimi na baba yako, ni yupi." Mama yake alibaki Mwera tulipoondoka, na akazikwa huko, barua ya habari hiyo ilitufikia Ibra baada ya miezi minne. Hilo hakulitaja, wala hakukuwa na haja ya kunitajia.

"N'nataka nikalale huko usiku mmoja," akasema. "Nje, karibu na maji. Niwasikie. Kisha yawe yatakayokuwa."

Ukiacha ile siri, katika maisha yake yote alikuwa hajapata kuniomba kitu. Nguo alishona mwenyewe, Hija alikwenda kwa bangili zake mwenyewe. Nilijisikia mtu mkubwa siku ile. Nikaondoka pale kwenye mkeka, nikaenda chumbani, nikachukua daftari jipya na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Laiti ningechukua ufunguo wa gari.

Ilinibidi, kwa desturi zetu, nianze na watu. Kwetu sisi tuliotoka kule hakuna matembezi ya watu wawili. Tulifika Oman tukiwa tumetawanyika, huyu Sur, huyu Nizwa, huyu Maskati, na tangu hapo kila nyumba inaihesabu nyengine. Ukienda mahala pazuri bila ya kuwaambia wenzio, utakuja kusikia habari zako kwenye harusi. Mwaka mmoja kabla yake tulikwenda Tiwi kutembea, mimi na shangazi na marafiki wawili, na dada yangu, aliyeolewa Sur, akapata habari kwamba tumefika karibu kabisa na mlango wake tukala samaki bila ya yeye. Hakunipigia simu miezi mitatu. "Mmenitenga," alisema alipoanza tena kuzungumza, na neno hilo kwetu si dogo.

Basi nikampigia yeye kwanza. Akafurahi, akataja sufuria atakazokuja nazo. Kisha nikampigia mjomba wa Nizwa, ndugu wa mama, aliyekulia Bujumbura na sasa ana duka la vipuri vya magari.

"Safi sana," akasema. "Weka deti tu, sisi tutafiti. Na tenti usinunue, ninayo ya familia, saizi kubwa. Lakini wiki hii hapana, kontena langu linaingia. Wiki ijayo."

"Mjomba, maji hayo ni ya mvua."

"Kwani yanakwenda wapi? Penye wengi hapaharibiki neno. Tungoje tuwe wote."

Sikuweza kumwambia kwa nini nina haraka, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Lakini nitasema kweli: sikuumia sana kungoja. Wiki moja zaidi ilinipa nafasi ya kupanga vizuri. Kwenye daftari nilikuwa na ukurasa wa vyakula, ukurasa wa vyombo, ukurasa wa nani alale wapi. Dada yangu alikuwa wa pilau na sambusa, watu wa Nizwa wa nyama ya kuchoma na deli la barafu, sisi wa mikate ya kumimina, kahawa na haluwa. Nilichora hata mchoro wa magari yatakavyoegeshwa ili yakinge upepo.

Alkhamisi ile ya kwanza, ambayo ilikuwa iwe ya safari, sikuwa na la kufanya. Nikamchukua dereva anionyeshe njia, nikakague mahala. Shangazi aliniona natafuta utepe wa kupimia.

"Wenda wapi?"

"Saddi. Nakwenda kutazama pa kupiga hema."

Alisimama mlangoni akinitazama. Hakusema, "Nichukue." Nilimwona vizuri na nikaelewa vizuri, lakini garini mlikuwa na dereva, naye ni mwanamume wa kando, na kiti cha nyuma kilikuwa na magudulia, na kwenye mpango wangu safari ilikuwa wiki ijayo. Nikamwambia nitarudi kwa chakula cha usiku.

Lilikuwa ziwa kweli. Ukuta mrefu wa mawe na udongo ulikata wadi kutoka kilima hadi kilima, na nyuma yake maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikwenda mpaka yakaingia baina ya vilima vya mbali. Miti ya migunga ilisimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Mbele ya ukuta, upande wa pili, lilikuwa jangwa lile lile la siku zote, kokoto na vumbi. Nilipima sehemu tambarare kwa utepe. Nilipata mahala pa akina mama kujisitiri nyuma ya mwamba. Nilipata pa kuswalia, nikatafuta kibla na kukiwekea jiwe. Tuliswali Magharibi hapo, na tulipokuwa tunatoa salamu kelele zikaanza, nyingi kiasi kwamba dereva alicheka na kunyanyua mikono. Nilisimama pale na daftari langu, najaribu kuandika kabla giza halijaingia, na nakumbuka niliwaza kwamba kelele hizi zitawasumbua watoto wa dada.

Niliporudi shangazi alikuwa hajala. Akanipakulia, akakaa mbele yangu ili aone midomo yangu.

"Uliwasikia?"

"Niliwasikia. Wengi sana."

"Huanza mmoja? Au wote kwa pamoja?"

Nikatafuta kichwani nisipate kitu. Nilikuwa nimewasikia bila ya kuwasikiliza. Mtu mwenye adabu angesema sijui. Mimi nikamwambia kwamba kuna sehemu nzuri sana, tambarare, hakuna mawe, magari manne yanaingia, na kwamba nimepata hata pa akina mama. Nilifungua daftari nikamwonyesha mchoro. Akautazama kwa muda, akaupapasa kwa kidole kama anayetafuta kitu kilichoanguka, akasema, "Vizuri, baba. Umepanga vizuri."

Wiki ya pili mama mkwe wa dada yangu akafariki huko Jalan Bani Bu Hassan, Mungu amrehemu. Safari haikutajwa tena. Tulikwenda kuzika na tukakaa siku tatu, kama inavyopasa. Siku ya tatu nikamuuliza dada yangu kwa sauti ya chini kama wiki ijayo itakuwa mapema mno. Akanitazama kama nimevua nguo. "Haraka haraka haina baraka," akasema. "Tupishe arubaini basi, au angalau nusu yake. Watu watasemaje?" Aliposema watu watasemaje, nikaona ana haki. Nikatoa kalamu nyekundu.

Niliporudi kazini dereva aliniuliza kama tumeshakwenda. Nikamwambia bado, tunawangoja watu wa Sur.

"Nendeni," akasema kwa Kiarabu chake cha kukata. "Maji yanashuka."

"Yatashuka kiasi gani? Ziwa zima lile?"

"Saddi halikujengwa likae na maji. Limejengwa liyakamate tu, yaingie chini ya ardhi, visima na mifalaji, ile mifereji ya mashamba, vipate. Kila siku yanashuka. Hayo ni mgeni."

Nilimsikia, na nilikuwa na akili ya kutosha kumwelewa. Hata kibao cha serikali pale ukutani kilieleza hivyo hivyo, nami nilikisoma nikiwa nimeshika utepe. Lakini sikuamini. Wenyeji wa jimbo letu la Sharqiyah, hata mtoto wao mdogo anajua kwamba maji hukimbiliwa yalipo. Sisi tuliotoka kisiwani tulikuwa na ujinga wetu mmoja tulioufungasha na kuja nao: kwamba maji yakishakuwa mengi kiasi kile, yapo. Mpunga wa Mwera haukuwahi kumngoja mtu kwa sababu haukuwa na haja. Bonde lilikuwa pale leo na kesho. Nilimwona dereva kuwa mtu wa jangwani mwenye hofu za jangwani.

Jumatano ya wiki ile nilirudi nyumbani saa nane mchana nikamkuta shangazi amekaa ukumbini, amevaa, baibui limekunjwa magotini. Pembeni yake palikuwa na kifurushi cha kanga, ndani yake blanketi, mswala na kurunzi. Chupa ya chai ilikuwa imeshajazwa.

"Twende sisi wawili," akasema.

"Leo?"

"Leo. Kesho tutarudi. Hatumwambii mtu. Wakija wao, tutakwenda tena, tutajifanya hatujapajua."

Nilicheka. Nilidhani ni utoto. Nikamwambia, kwa upole mkubwa, na upole ule ndio unaonichoma mpaka leo, kwamba Jumamosi mitihani inaanza na karatasi ziko mezani kwangu hazijafungwa, kwamba dada yangu akijua itakuwa kama Tiwi na zaidi, kwamba Alkhamisi ya wiki tatu zijazo wote wameshakubali, mjomba keshatoa neno, na bila ya tenti tutalala wapi.

"Nje," akasema. "Si nimekwambia nje?"

"Shangazi, subiri kidogo tu. Itakuwa nzuri, utaona."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema, lakini bila ya nguvu. Akakifungua kifurushi, akarudisha blanketi kabatini. Chai ile tuliinywa jioni, mimi na yeye, hapo hapo ukumbini, na nilimsomea kutoka kwenye daftari majina ya vyakula vya safari. Alinipa sikio la kulia, lililokuwa na nafuu.

Tulikwenda magari manne, watu kumi na tisa. Kila kitu kilikuwepo, hata chumvi ya akiba. Jua lilikuwa limeshaanza kuwa kali. Tulipopanda kile kilima cha mwisho nilikuwa mbele, shangazi pembeni yangu, na nikapunguza mwendo ili aone vizuri maji yanavyojitokeza. Hayakujitokeza. Palikuwa na sakafu pana ya udongo uliokauka na kupasuka vipande vipande, nyayo za mbuzi zimekatiza katikati, migunga imesimama na alama ya tope kiunoni. Chini kabisa, karibu na ukuta, paling'aa kitu. Nikaenda mbio kukitazama. Kilikuwa kidimbwi cha ukubwa wa mkeka, na ndani yake mtungi wa plastiki.

Mjomba alisema hakuna neno, pikiniki ni pikiniki. Tenti ikapigwa pale pale nilipopima. Tukala pilau, na ilikuwa pilau nzuri. Mpaka leo nikikutana na watu wa Nizwa huniambia safari ile tulikula. Watoto walicheza mpira kwenye sakafu ya ziwa. Baada ya Magharibi shangazi alitoka kwenye zulia akaenda kukaa peke yake ukingoni, na mimi nikamfuata nikasimama nyuma yake. Upepo ulikuwa unapeperusha kanga yake. Alikaa muda mrefu, ameinamisha kichwa upande wa sikio la kulia.

"Labda n'mimi," akasema mwishowe, bila ya kugeuka. "Labda wapo, mimi ndo siwasikii. Wapo?"

"Hawapo, shangazi," nikasema. "Maji yamekwisha. Makosa ni yangu."

"Alhamdulillahi," akasema, na nikajua anamaanisha masikio yake. Akaniomba nimsaidie kuinuka.

Baada ya hapo ulikuja ukame. Mvua za kunyunyiza zilikuja na kwenda, lakini saddi halikujaa miaka na miaka. Kila baridi nilikuwa nikimuuliza dereva, naye akitikisa kichwa. Kifaa alikivaa shangazi mwaka na nusu, akalalamika kwamba kinamletea kelele za vijiko tu, kisha akakitia kwenye mtoto wa meza pamoja na betri zake. Sauti ya mwisho aliyosema anaisikia ilikuwa mlango wa chuma wa nje ukijibamiza. Nilipotaka kumwambia jambo refu nilimwandikia kwenye ubao mdogo wa chaki, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni Mwera. Alinisahihisha maandishi yangu kila siku ya Mungu.

Nilioa, nikapata binti. Binti yangu alikulia kwa shangazi, kwa sababu mke wangu ni muuguzi na zamu zake hazina mpango, na wawili hao walijipatia lugha yao wenyewe ya midomo na mikono ambayo mimi sikuijua. Kiswahili cha binti yangu ni cha vijana wa huku: kila kitu kwake ni "hii" na "ile", na akikosa neno huvuta la Kiarabu. Shangazi hakuweza kusikia makosa hayo, na nadhani ndiyo maana walipatana.

Binti yangu alikuwa na miaka sita mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ilipokuja mvua kubwa tena. Dereva alikuwa ameshastaafu. Alinipigia simu nyumbani asubuhi na mapema, akasema, "Limejaa. Usilete hema."

Sikumpigia mtu. Sikuaga kazini. Nilimwonyesha shangazi ubao: Saddi limejaa, twende. Akausoma mara mbili, akaniangalia, akasema kwa ile sauti yake ya juu ya watu wasiojisikia, "Na watu wa Sur?" Nikafuta ubao. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaenda kutafuta blanketi. Mke wangu alikuwa zamu, kwa hivyo binti yangu tukamchukua. Gari langu lilikuwa lile lile, limezeeka, lililohitaji kubembelezwa kila asubuhi ndipo liwake, na asubuhi ile lilibembelezwa sana.

Tulifika alasiri. Maji yalikuwa hapo, mengi, ya rangi ile ile. Nilimtandikia mkeka karibu kabisa, akavua viatu akaiweka miguu majini, na kwa saa nzima hakuitoa. Tukaswali Magharibi. Kisha wakaanza.

Ilikuwa kelele ya kumtoa mtu akili. Ilitoka kila upande, chini ya migunga, kwenye majani, karibu na miguu yetu. Shangazi alikuwa anaangalia maji, kichwa ameinamisha upande wa kulia kama zamani. Akanigeukia.

"Wameanza?"

Sijui ni shetani gani aliyeniingia. Niliuona uso wake, na sikuweza kumwambia ndiyo. Nilitikisa kichwa na kuunda neno kwa midomo: bado. Akaitikia, akaendelea kungoja kwa subira. Baada ya muda akauliza tena, na mimi nikatikisa tena kichwa, na vyura wakilia kiasi kwamba sikuweza kujisikia hata pumzi yangu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga: nitamwambia mwaka huu hawakuja, baridi imewaua.

Hapo binti yangu akatia vidole masikioni, akafumba macho, akapiga ukelele kwa kicheko: "Baba, kelele! Hii nyingi sana!"

Shangazi alimwona. Akamtazama mtoto na vidole vyake, kisha akanitazama mimi. Nilitaka ardhi inimeze. Hakunikemea. Alimvuta mtoto karibu, akavitoa vile vidole masikioni kimoja kimoja, akamwambia taratibu, "Usizibe. Sikiliza vizuri, kisha unambie. Huanza mmoja? Au wote kwa pamoja?"

Binti yangu akageukia maji. Alisikiliza kama walivyo watoto wakisikiliza, mdomo wazi. Vyura wakanyamaza kidogo, kama wanavyofanya bila ya sababu, na kiza kikawa kimya kabisa. Kisha kutoka mbali, upande wa ukuta, nikasikia mmoja. Mtoto akanyanyua kidole kimoja mbele ya uso wa bibi yake. Akakiacha hapo. Na walipoitikia wote akafungua mikono miwili, vidole kumi, akavichezesha.

"Huanza mmoja," akasema shangazi.

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Akaushika mkono wa bibi yake akauweka kooni mwake mwenyewe, akazungusha hewani ufunguo wa gari wa kujifanya, akakoroma kama gari la baba yake asubuhi linapokataa kuwaka, ndiyo sauti ya chura, na shangazi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Walicheza hivyo mpaka mtoto akalala: kidole kimoja, kisha kumi, kidole kimoja, kisha kumi. Mimi nilikaa upande wa pili wa mkeka na kuwasikiliza vyura kwa mara ya kwanza, na ilikuwa kweli, kila mara huanza mmoja.

Shangazi alifariki miaka michache baadaye. Daftari lile ninalo bado, na mchoro wa magari umo. Swali alilomuuliza mtoto ndilo aliloniuliza mimi, masikio yake yakiwa bado yanasikia, jioni niliyotoka kuwasikia peke yangu. Nami nilimjibu kwamba mahala ni tambarare na hapana mawe.